Kwa mkaguzi mpya wa majengo, Mji Mkongwe wa Lamu

Mdogo wangu, ukiingia mtaa wa Mkomani usianze na nyufa. Kuta za matumbawe hapa zina unene wa nusu mita hivi, na nyufa nyingine zimekutangulia kuzaliwa. Anza na boriti. Vichwa vyake vilivyozama ukutani ndivyo huoza kwanza: maji ya mvua yakipenya sakafu ya juu hutuama pale, na mchwa hufuata unyevu. Basi gonga karibu na ukuta, usigonge katikati. Boriti ikilia kama mtungi mtupu, chumba kile kihamwe leo, hata kama dari imepakwa chokaa ikapendeza.

Kisha panda juu. Tafuta tangi la maji lililowekwa baada ya nyumba kujengwa, au chumba cha matofali cha kupangisha. Boriti hazikukatwa kwa mzigo huo.

Ukiambiwa, “Tumetengeneza juzi,” ndipo uzidi kutazama. Mara nyingi ni plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huufungia ndani. Ukiona plasta imevimba na unga wa chumvi chini yake, ukuta unaliwa kwa ndani. Mwashi mzee wa mtaa atakueleza haya kuliko fomu yako.

Adabu nayo ni kazi. Piga hodi, keti dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, ngoja wenye nyumba wajisitiri. Ukiingia kwa pupa, vyumba vya ndani hutaviona, na huko ndiko kwenye boriti kongwe.

Sasa notisi. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, ghorofa lililokuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa liliporomoka likiwa na watu, wakafa zaidi ya 45. Alama haikumhamisha mtu. Hapa kwetu shida huongezeka kwa kuwa nyumba huwa ya mirathi: mrithi mmoja yuko Mombasa, wa pili ng'ambo, na anayesoma karatasi mlangoni ni mpangaji tu. Nyingine ni wakfu, na hapo utamtafuta msimamizi wake. Kabla hujaandika, uliza familia italala wapi usiku huo.

Wala usikimbilie kufunga nyumba nzima. Nyumba tupu hapa huwa gofu upesi, kwani hakuna wa kuziba sakafu inapovuja. Funga chumba, egemeza dari kwa nguzo, toa muda wa matengenezo, urudi kabla ya masika.

Kubomoa ni jambo jingine kabisa. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kaunti haiamui peke yake. Watu wa Makavazi ya Kitaifa lazima wahusishwe. Na kuta nyingi ni za shirika, yaani ukuta mmoja kwa nyumba mbili. Ukiutoa kwa huyu, nyumba ya jirani inabaki bila cha kuegemea, kwa hiyo mkague jirani siku hiyo hiyo, naye umpe notisi yake.