Mkono wa mume wangu umelala

SWALI: Assalamu alaykum. Mume wangu alipata kiharusi upande wa kulia, sasa mwezi wa nne. Anatembea kwa mkongojo, ila mkono hauna nguvu. Namlisha, namvisha, namkanda kwa mafuta ya nazi. Nifanye nini zaidi?
Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, mdogo wangu. Zaidi? Punguza! Huruma yako inaunyima mkono kazi. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia-rudia jambo lile lile. Miezi ya mwanzo ina faida kubwa, ingawa hata baadaye mtu huendelea kupata nafuu.

Kanzu avae mwenyewe. Akae kitini, mkono mgonjwa uingie mwanzo, mkono mzima uivute nguo mpaka begani, kisha kichwa. Kuvua, mzima utangulie. Atakawia; wewe nenda zako jikoni.

Halafu, mtu wa Pemba huyo, mpe karafuu! Kikonyo akishike kwa kushoto, vidole vya kulia vichambue. Visipokubali, aanze kwa kuzikusanya mezani kwa kiganja.

Kumkanda sikukatazi, lakini mkono huo usivutwe, wala asinyanyuliwe kwa makwapa: bega lililolegea huteguka. Joto la mafuta lijaribu wewe kwanza, maana ngozi yake huenda haihisi.

Dawa za presha asiache kwa kujiona mzima. Akichoka alale, si uvivu. Ila mdomo ukienda upande ghafla au maneno yakimpotea, hospitali saa ile ile, msingoje kukuche.