Mwanao amewekwa beki kwenye hoki ya barafuni? Mtazameni Tomáš Kaberle

Kila msimu mpya unapoanza hapa Toronto, hakosekani mzazi mwenzetu wa Afrika Mashariki wa kunipigia simu akilalamika: kocha amemtoa mtoto mbele, amemrudisha nyuma. Anaona mtoto ameshushwa cheo. Mwanangu ni beki, na yeye mwenyewe ndiye aliyeitaka nafasi hiyo, kwa hiyo jambo hili nimelizoea. Huwa nawajibu hivi: kabla hujamfuata kocha, kaa na mtoto mtazame video za zamani za Tomáš Kaberle, beki wa Kicheki aliyeichezea Toronto Maple Leafs tangu 1998 hadi Februari 2011.

Namchagua yeye kwa sababu alikuwa beki wa aina ambayo mzazi asiyeujua mchezo huu hawezi kumwona. Hakuwa wa kugongana. Hakuwa wa kupiga mashuti ya kutisha. Jukwaani watu walikuwa wakimpigia kelele apige, naye anaangalia kwanza, anatoa pasi. Kwa Toronto alicheza mechi 878 akafunga mabao 83 tu, lakini pasi zake zilizozaa mabao zilikuwa 437. Jumla ni pointi 520, na alipoondoka, beki pekee wa klabu hiyo aliyemzidi pointi alikuwa Msweden Börje Salming.

Tazameni hasa msimu wa 2005–06. Kaberle alikuwa akicheza na Bryan McCabe, hasa pale wapinzani wanapokuwa na mtu aliyetolewa kwa adhabu. McCabe ndiye mwenye shuti. Kaberle anaishika paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, anaivuta kidogo, mpinzani anasogea kumfuata, na hapohapo paki imeshafika kwenye gongo la McCabe. Mwisho wa msimu McCabe alikuwa na mabao 19 na pointi 68. Kaberle alikuwa na mabao 9 na pointi 67. Ukihesabu mabao peke yake, utasema mmoja ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Ukitazama mchezo, utashindwa kuwatenganisha.

Wala si kwamba hakuwa na shabaha. Kwenye mashindano ya ufundi ya wachezaji nyota, Atlanta, Januari 2008, aliwekewa shabaha nne kwenye pembe za goli akazipiga zote nne bila kukosa hata moja. Mtu mwenye mkono ule akiamua kutoa pasi, ujue ameona mwenzake amekaa vizuri kuliko yeye. Hili napenda watoto walijue, kwa sababu wengi wanadhani anayetoa pasi ni yule asiyejua kupiga.

Sasa, utamtazamaje mwanao uwanjani? Acha kufuata paki kwa macho kama tunavyofuata mpira kwenye soka. Mfuate mtoto. Paki inapotupwa nyuma ya goli lenu, mwangalie anavyoiendea: anageuza shingo kutazama nyuma yake kabla hajaifikia, au anainamia paki kwanza kisha ndipo anaanza kutafuta wenzake? Huo mgeuko mmoja wa shingo ni nusu ya kazi ya beki. Mwenye kuangalia mapema anajua mpinzani anatokea upande gani, na anajua mwenzake yuko wapi, kwa hiyo anatoa pasi mara moja na timu inaondoka. Asiyeangalia anabanwa ukutani, paki inapotea, na dakika hiyohiyo golikipa anapigiwa.

Kisha tazama anavyoteleza kinyumenyume. Mshambuliaji anakuja kwa kasi, beki anarudi nyuma huku wametazamana. Akirudi haraka mno, anampa mshambuliaji nafasi ya kupiga, akikawia, anapitwa. Umbali mzuri ni ule ambao gongo lake likinyooshwa linaigusa paki. Kuteleza huko ndiko kunakochukua muda mrefu kuliko mambo yote, na ndiko ningeshauri mzazi mwenye pesa kidogo za ziada azitumie: mafunzo ya kuteleza, kuliko gongo jipya la bei mbaya. Vifaa vingine vinapatikana vya mkono wa pili, ila kofia iwe nzima na viatu vimkae sawasawa.

Mabeki huwa sita kwenye mechi ya wakubwa, wanaingia wawili wawili, kila zamu chini ya dakika moja hivi. Kwa hiyo mwanao hachezi peke yake hata siku moja, ana pacha. Muulize jina la pacha wake. Muulize wameelewana nini kuhusu nani anabaki na nani anapanda. Mwanangu na mwenzake wameelewana kwa maneno mafupi ambayo sisi wazazi hatuyaelewi, na nafurahi sana ninapowasikia wakiitana.

Kuna pia ndugu wa nyumbani. Bibi yake mwanangu akipiga simu kutoka Tanga, baada ya shikamoo swali lilikuwa lilelile: “Mjukuu wangu, umefunga mangapi?” Mtoto akijibu “sijafunga, bibi,” unamwona uso unavyoshuka. Nilimweleza mama taratibu kwamba kazi ya mjukuu wake ni kuzuia na kuanzisha, na siku hizi anamuuliza, “Umewazuia wangapi? Umempa nani?” Mtoto anasimulia mpaka salio linakata. Wazazi wenzangu, waelezeni bibi na babu. Hawa ndio mashabiki ambao mtoto anawasikiliza kweli.

Na suala la kuchelewa. Kaberle alizaliwa Rakovník mwaka 1978, akatokea klabu ya Kladno, mji wa chuma karibu na Prague, mji uleule uliomtoa Jaromír Jágr. Baba yake, František, alikuwa beki, bingwa wa dunia na Czechoslovakia mwaka 1976 na 1977. Pamoja na ukoo huo, klabu za Marekani na Kanada zilipokuwa zinachagua vijana mwaka 1996, Tomáš alisubiri hadi raundi ya 8, nafasi ya 204, ndipo Toronto ikamchukua. Wa kwanza kabisa mwaka huo alikuwa beki vilevile, Chris Phillips, aliyechukuliwa na Ottawa. Tomáš alirudi kucheza Kladno, miaka miwili baadaye akaingia kikosi cha Toronto akiwa na miaka 20. Kaka yake, aitwaye František kama baba yao, beki naye, alichaguliwa na Los Angeles Kings akiwa ameshatimiza 25. Mwaka 2006 ndiye aliyefunga bao lililoamua mechi ya saba ya fainali, klabu yake ya Carolina ikaishinda Edmonton 3–1 na kubeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi yao. Ndugu hao wawili walikuwa pamoja pia Vienna 2005, Wacheki walipotwaa ubingwa wa dunia.

Nayasema haya kwa sababu nimeona wazazi wakiwahamisha watoto klabu kila mwaka kwa kuwa mtoto wa miaka kumi hakuchaguliwa timu ya kwanza. Beki hukomaa polepole, maana anachojifunza zaidi ni kusoma mchezo, na huo husomwa kwa kuucheza tu.

Mkiogopa kugongana, jueni kwamba tangu 2013 Kanada imekataza wachezaji wadogo, wale wa chini ya miaka 13, kugongana kwa makusudi kwenye mechi. Itumieni miaka hiyo kumfundisha mtoto kuinua kichwa. Anayeinua kichwa anamwona anayekuja.

Tomáš mwenyewe alipata Kombe la Stanley mwaka 2011, akiwa Boston, walipoifunga Vancouver kwenye mechi ya saba. Katika safari yote ile ya mtoano hakufunga bao hata moja. Alitoa pasi 11 za mabao.

Ukikutana na kocha, basi, usimuulize lini mtoto atarudishwa mbele. Muulize pasi yake ya kwanza ikoje akiwa amebanwa, na yeye kocha angependa nani awe pacha wake. Kocha akiyasikia maswali hayo atakaa na wewe muda mrefu, na atakuambia la kufanyia mazoezi wiki hiyo.