Viza ya Kustaafia Ughaibuni: Ipime kwa Umri wa Miaka 80

Nilipobakiza mwaka mmoja kufikisha miaka 66, ambao ndio umri niliotakiwa kuanza kulipwa pensheni ya serikali nchini Uingereza, mimi na mume wangu tulikuwa tumekubaliana juu ya jambo moja tu: hatutazeekea katika nyumba ya Birmingham yenye ngazi kumi na nne na bili ya gesi inayotisha kila baridi ikiingia. Wapi twende, hilo lilitugharimu miezi mingi ya mabishano. Waswahili tuliokuja Uingereza miaka ya themanini kufanya kazi za hospitali, viwandani na kwenye mabasi tunastaafu karibu kwa pamoja, na tangu nihamie Ureno sipiti wiki bila kuulizwa na mmoja wetu ni viza gani iliyo rahisi kuipata. Huwa najibu kwamba hilo si swali la kwanza. La kwanza ni viza gani utaweza kuihuisha ukiwa na miaka 80, magoti yamechoka, na pengine mwenzako ametangulia mbele ya haki.

Wengi huniuliza pia kwa nini sikurudi Tanga, na wanastahili jibu. Aliyezaliwa Mkenya hana tatizo kubwa, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kubaki Mkenya hata akichukua uraia mwingine. Sisi Watanzania hatuna uraia pacha. Nilipochukua pasipoti ya Uingereza niliupoteza uraia wangu, na leo nikienda kuzuru kaburi la mama yangu nalipia viza ya mgeni, dola 50, na kugongewa muhuri wa siku tisini. Sisemi hivi kwa kulalamika. Nilijua nilichokuwa nikisaini. Nasema ili mstaafu mwenzangu asidhani kwamba kurudi alikozaliwa ni jambo lisilohitaji kibali.

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ndiyo ninayotaka kila mstaafu wa Uingereza aielewe kabla hajafungasha hata sanduku moja. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila Aprili, lakini si kwa kila aliye nje. Ukiishi katika nchi za Umoja wa Ulaya, Marekani, Ufilipino, Morisi na nyingine chache zenye makubaliano, unapata nyongeza kama aliyebaki Birmingham. Ukiishi Tanzania, Kenya, Thailand, Kanada au Australia, kiwango chako kinagandishwa pale pale kilipokuwa ulipohama au ulipoanza kulipwa. Chukua mtu aliyeanza kulipwa pensheni mpya kamili katika mwaka wa malipo ulioanza Aprili 2022, akiwa anaishi Arusha. Alipata pauni 185.15 kwa wiki, na mwaka 2025 bado anapata pauni 185.15, wakati mwenzake aliyeko Ulaya amefika pauni 230.25. Tofauti ni zaidi ya pauni 45 kwa wiki, yaani zaidi ya pauni 2,300 kwa mwaka, na hiyo ni miaka mitatu tu. Mpe miaka ishirini uone. Pensheni yangu ya hospitali haina tabia hiyo, inapanda popote nilipo, kwa hiyo kila mtu na apime mafungu yake: ni lipi linapanda, ni lipi linaganda, na viza anayoitaka inataka kiasi gani leo na huenda ikataka kiasi gani baadaye. Masharti ya kipato hupanda karibu kila mwaka, na pensheni iliyoganda haiwezi kuyafukuza milele.

Kwa kipimo hicho ndipo tulipoiacha Thailand, ingawa mume wangu aliipenda sana. Rafiki yetu wa zamani wa wodini anaishi Hua Hin na ana furaha, kwa hiyo sitaisema nchi ile vibaya. Mwenye miaka 50 na kuendelea anaweza kuingia kwa viza ya wasio wahamiaji, kisha akaomba kurefushiwa mwaka mmoja mmoja kwa sababu ya kustaafu. Ama athibitishe kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ama aweke baht 800,000 katika benki ya Thailand, au achanganye vyote viwili vifike kiasi hicho kwa mwaka. Zamani wenye kipato walikwenda ubalozini wakapewa barua ya kuthibitisha, lakini Ubalozi wa Uingereza mjini Bangkok uliacha kutoa barua hizo kuanzia mwaka 2019, na sasa mtu huonyesha kwamba fedha zinaingia kila mwezi kutoka nje. Kwa viwango vya 2025, baht 65,000 ni takriban pauni 1,500. Pensheni ya serikali peke yake haifiki.

Njia ya akiba nayo ina lake. Zile baht 800,000 zinatakiwa zikae benki miezi miwili kabla ya maombi na miezi mitatu baada ya kukubaliwa, kisha kwa muda uliobaki zisishuke chini ya 400,000. Mtu akisikia haya kwa mara ya kwanza huona ni jambo dogo, kwani fedha ni zake na ziko kwa jina lake. Lakini mzee mgeni aliye Thailand hana matibabu ya serikali, na bima za afya huwa ghali kadiri umri unavyosogea, kwa hiyo akiba ile ile iliyoshikilia kibali ndiyo anayoitegemea siku akianguka bafuni na kuvunja nyonga. Nimefanya kazi ya uuguzi zaidi ya miaka thelathini na nimewaona wengi walioanguka bafuni. Ukiitoa ulipe hospitali, kibali kinayumba. Ukiiacha, hospitali haikungoji. Ongeza kuripoti anwani kila siku tisini, na ulazima wa kuchukua ruhusa ya kurudi kabla ya kutoka nje ya nchi, maana ukitoka bila hiyo muda uliorefushiwa unafutika. Mtu anayepigiwa simu saa nane usiku kwamba kaka yake amefariki Muheza huenda asikumbuke ruhusa ya kurudi.

Hispania sitakaa nayo sana. Viza yake ya wasiofanya kazi inataka kipato cha asilimia 400 ya kigezo chao cha kitaifa cha kupimia kipato, kiitwacho IPREM, yaani yuro 2,400 kwa mwezi, na yuro 600 zaidi kwa mwenza. Walio na pensheni nono waende, ni nchi nzuri. Sisi hesabu ilitukatalia.

Ureno ina viza inayoitwa D7, kwa watu wenye kipato kisichotokana na ajira, na pensheni imo. Kigezo chake ni kima cha chini cha mshahara wa nchi ile. Tulipoomba mwaka 2023 kilikuwa yuro 760 kwa mwezi, na mwaka 2025 kilifika 870. Mwenza huongezewa nusu ya kiasi hicho. Kigezo kinapanda, kama nilivyosema, ila na pensheni yetu inapanda kwa kuwa tuko ndani ya Umoja wa Ulaya. Utaratibu ni kwamba unapewa viza ya miezi minne, unaingia, unakwenda kwenye miadi ya uhamiaji, na hapo unapewa kibali cha ukaazi cha miaka miwili, ambacho kikihuishwa kinakuwa cha miaka mitatu. Ukitimiza miaka mitano unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kabla ya yote hayo utahitaji namba ya mlipakodi wa Ureno, mkataba wa kupanga nyumba au hati ya kuimiliki, taarifa za benki, cheti cha polisi na bima ya safari. Cheti cha polisi kiache mwishoni. Mimi nilikikimbilia mwanzo kwa pupa, na siku ya kuwasilisha maombi nikaambiwa kimezeeka, nikalipia kingine.

Kosa letu kubwa lilikuwa jingine. Tulianza kwa kujaza fomu mume wangu akiwa mwombaji mkuu na mimi nikiwa tegemezi wake, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kujaza fomu tangu tulipofika Uingereza. Mwombaji tegemezi lazima aonyeshe cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Chetu kilitolewa Tanga, jina langu limeandikwa kwa tahajia tofauti na ya pasipoti, na Uingereza haiwezi kuthibitisha hati isiyo yake. Basi cheti kikasafiri hadi Dar es Salaam, mpwa wangu akazunguka nacho RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa vyeti, na Wizara ya Mambo ya Nje, na wiki zikapita huku kodi ya nyumba tuliyokwisha kupanga Setúbal ikilipwa bila mtu kuilalia. Ni binti yetu, katika kunisikiliza nikinung'unika, aliyeuliza: "Mama, kwani wewe huna pensheni yako?" Ninayo. Pensheni yangu ya serikali peke yake ilikuwa ya kutosha kwa kigezo cha mtu mmoja. Tukachana fomu, kila mmoja akaomba kwa jina lake, na cheti cha ndoa hakikuulizwa tena.

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi. Mume akifariki, pensheni yake ya serikali kwa sehemu kubwa huondoka naye, na ile ya kazini humwachia mjane fungu tu. Ikiwa kibali cha mjane kilitundikwa kwenye kibali na kipato cha marehemu, mama wa watu anaanza kujieleza kwa maofisa angali ndani ya eda. Wenye pensheni mbili zinazotosha, kila mmoja na asimame kwa miguu yake tangu siku ya kwanza. Na kama ni mmoja tu mwenye kipato cha kutosha, ulizeni mapema, kwa mwanasheria wa uhamiaji wa nchi hiyo na si kwa jirani, nini kitampata aliyebaki.

Matibabu yalikuwa mepesi kuliko nilivyohofia. Anayelipwa pensheni ya serikali ya Uingereza akihamia nchi ya Umoja wa Ulaya anaweza kuomba fomu ya S1, ambayo maana yake ni kwamba Uingereza ndiyo inayogharimia matibabu yake huko. Unaisajili kwenye ofisi ya hifadhi ya jamii, kisha unakwenda kituo cha afya cha mtaa wako kupewa namba ya mgonjwa. Fomu hiyo haitolewi kwa anayehamia Thailand au Tanzania. Kuhusu kodi nitasema neno moja tu: zile habari za wastaafu kutozwa asilimia kumi tu nchini Ureno zimepitwa na wakati, kwani mpango ule ulifungwa kwa waombaji wapya tangu mwaka 2024, hivyo kaeni na mhasibu kabla ya kuhama.

Lugha nayo, nisiwadanganye, inanitoa jasho. Lakini siku ya kwanza sokoni nilitabasamu peke yangu niliposikia meza inaitwa mesa, bendera bandeira na mvinyo vinho. Wale waliojenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593 walituachia maneno yao, nami nimekuja kuyakuta kwao.

Limebaki sharti moja linalowakwaza watu wetu kuliko Wazungu. Katika kipindi cha kibali, ukikaa nje ya Ureno miezi sita mfululizo, au miezi minane ukijumlisha safari zote, kibali kinaweza kufutwa. Mzungu anayekwenda likizo wiki mbili halimhusu. Sisi tunaitwa kwenye misiba, tunabaki hadi arobaini, tunauguza wazee, tunasimamia mirathi ya shamba lisilokuwa na hati, na miezi inakwenda. Mwaka juzi nilimuuguza dada yangu Tanga kwa wiki kumi na moja. Tangu hapo nina daftari jikoni, lililofungwa kwa kamba kwenye droo ya vijiko ili lisipotee, ninaloandika tarehe ya kila kutoka na kila kuingia, langu ukurasa wa kushoto na la mume wangu ukurasa wa kulia. Kabla ya yeyote kati yetu kukata tiketi, kwanza tunalifungua tukahesabu siku zilizobaki.