Geji ya presha haitoshi: ushauri kwa wanaochuja makinikia

Wengi wanaosimamia vichujio vya presha (mashine zinazosukuma tope la madini kwenye vitambaa vilivyo kati ya mabamba, maji yatoke na yabisi ibaki) katika viwanda vya kuchenjua madini hutazama geji na saa ya kufungua mabamba, basi. Kwa uzoefu wangu na makinikia ya shaba, yaani unga wenye shaba uliotenganishwa na mwamba, hayo hayatoshi, kwa sababu geji inaweza kusoma bar 6 leo kama jana, ilhali keki, yaani yabisi iliyobaki, inadondoka ikiwa tepetepe na kung'ang'ania kitambaa.

Ushauri wangu ni kupima maji yanayotoka. Kama bomba la maji yaliyochujwa lina mita, andika ujazo kila baada ya sekunde 10, kisha gawanya muda uliopita kwa ujazo uliokusanyika, na jibu hilo ulichoree grafu dhidi ya ujazo wenyewe. Kwa kanuni aliyoitoa mhandisi Mfaransa Henry Darcy mwaka 1856, na ambayo wahandisi wa uchujaji waliiendeleza baadaye, presha isipobadilika nukta hizo hujipanga kwenye mstari ulionyooka. Zile za mwanzo ziache, kwa kuwa pampu bado inapandisha presha na maji bado yana ukungu wa kijivu.

Mstari huo hutenganisha mambo mawili ambayo geji huyachanganya. Mwinamo wake huonyesha ukinzani wa keki. Mahali unapokata mhimili wa wima huonyesha ukinzani wa kitambaa. Sehemu hiyo ikipanda mzunguko baada ya mzunguko huku mwinamo ukibaki vilevile, kitambaa kimeziba na kinahitaji kuoshwa, na kuongeza kemikali kwenye tope ni kupoteza fedha. Mwinamo ukipanda, rudi kwenye kinu ukaangalie kama madini yanasagwa laini kupita kiasi, au kama udongo wa mfinyanzi umeongezeka; keki yenye udongo huo hujibana kadiri unavyoongeza presha, hata faida ikawa ndogo mno.

Joto la tope nalo liandikwe. Mnato (ugumu wa kutiririka) wa maji ya nyuzi 20 hupungua kwa takriban moja ya tano yakifika nyuzi 30, kwa hiyo zamu ya usiku, ambayo tope lake ni baridi na maji hupita polepole, inaweza kulaumiwa bure.

Mwishoni mstari hupinda ghafla kwenda juu. Hapo vyumba vimejaa keki, na kanuni hii ya mstari ulionyooka haitumiki tena: zima pampu ya tope, anza kukamua keki.