Panga kizimba cha shuga glaida ukifikiria siku ya kukiosha

Shuga glaida, mnyama mdogo wa mitini anayefugwa nyumbani, hana choo. Sungura unaweza kumzoesha kona, paka ataufuata mchanga wake, lakini mnyama huyu hujisaidia pale pale alipo, mara nyingi akiwa amening'inia juu kabisa ya kizimba au katikati ya mbio za usiku kwenye gurudumu. Kila kinachomtoka hushuka: hupita kwenye tawi, hudondokea bembea, huishia kwenye bakuli la chakula usipokuwa makini. Kwa hiyo unaponunua kizimba na kupanga vilivyomo, swali la kwanza ni moja: hiki nitakitoaje, nitakioshaje, na kitakauka kwa muda gani?

Tuanze na kizimba chenyewe. Shuga glaida ni mamalia mdogo kutoka Australia na kisiwa cha Nyugini, jamaa wa mbali wa kangaruu, na mtu mzima wake huwa na gramu 100 hadi 150 hivi. Porini huishi juu ya miti na kupaa kutoka mti mmoja hadi mwingine kwa utando wa ngozi uliounganisha mikono na miguu. Udogo wake usikudanganye ukamnunulia kizimba cha panya. Kwa jozi moja, upana wa sentimita 60, kina cha 60 na kimo cha 90 ndicho kiwango cha chini, na ukipata kirefu zaidi, chukua hicho. Kimo kina thamani kuliko sakafu, maana chini kabisa huwa hawashuki sana. Nimesema jozi kwa makusudi: hawa huishi kwa makundi, na anayefugwa peke yake huweza kuzongwa na upweke hadi akaanza kujing'ata na kujinyonyoa manyoya. Hakuna kizimba kizuri kitakachofidia hilo.

Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.25. Kichwa kikipita, mwili mzima utapita, na mtoto huhitaji upenyo mdogo sana. Waya zikiwa za kulala angalau pande mbili, atapanda kwa raha. Halafu angalia mlango. Milango ya kupandisha juu huinuliwa na shuga glaida kwa pua na mikono bila taabu, kwa hiyo kila mmoja uwekee klipu au kulabu yenye kifungo. Uwe na angalau mlango mmoja mpana wa kupitisha gurudumu zima na mkono wako hadi kona ya nyuma. Hiki ndicho kipimo wanunuzi wengi hukisahau. Gurudumu lisilotoka kwa urahisi halitaoshwa, hata uwe na nia njema kiasi gani.

Waya iliyopakwa zinki tupu iepuke. Mkojo huila zinki taratibu, mnyama hupanda na kuilamba, na sumu ya zinki si jambo dogo kwa mwili wa gramu 120. Tafuta waya yenye rangi ya unga iliyookwa kiwandani au iliyofunikwa kwa PVC. Rangi hiyo nayo ikaguliwe: ikibanduka hadi chuma kuonekana, pale panaingia kutu, kutu inashika mkojo, na harufu yake haitoki kwa kusugua. Paneli yenye mabanduko mengi ibadilishwe. Vizimba vya mbao vinapendeza kwa macho, lakini mbao hunywa mkojo siku ya kwanza na haiurudishi tena, kwa hiyo mimi simshauri mtu avitumie.

Kiweke chumba chenye joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, mbali na jua la moja kwa moja, upepo wa dirishani na moshi wa jikoni. Baridi ikizidi, mwili wake hupunguza mapigo na kuingia katika usingizi mzito wa kubana nguvu. Ukimkuta amepoa na kulegea, mpashe joto la mwili wako taratibu, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Kizimba kisigusane na ukuta. Acha sentimita 15 na utundike karatasi ya plastiki inayofutika nyuma yake, kwa sababu mkojo huruka nje ya waya, na ukuta uliolowa kwa miezi utanuka hata kizimba kikiwa kinang'aa.

Ndani, fikiria mistari ya kudondokea. Simama mbele ya kizimba, tazama kila mahali mnyama atakapokaa au kukimbia, kisha ushushe jicho moja kwa moja hadi chini. Palipo katika mstari huo patachafuka kila usiku. Kifuko cha kulalia kiende kona ya juu kabisa, chini yake pabaki wazi hadi kwenye trei, ile sinia ya chini ya kizimba inayopokea uchafu. Gurudumu likae upande mwingine, nalo chini yake pabaki wazi. Chakula na maji viwe katika safu isiyo na kitu juu yake.

Kwa chakula, kifaa bora ni boksi la plastiki la kawaida, tuseme urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 15. Toboa upande mmoja tundu la sentimita 7 au 8, lainisha ukingo wake kwa msasa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, kisha uligeuze boksi juu chini ili mfuniko uwe sakafu na uweke bakuli ndani. Shuga glaida hula kwa namna yake: hunyonya maji ya tunda au mdudu na kutema makapi, mengine akiyarusha. Bila boksi, makapi hayo hukaukia kwenye waya na kugeuka gundi. Likiwepo, asubuhi unatoa kitu kimoja tu na kukiosha kwenye sinki. Liweke kwenye rafu ya katikati. Likiwa sakafuni wengine hulisusia.

Chupa za maji ziwe mbili, hata kwa wanyama wawili. Kigololo cha kwenye mdomo wa chupa hukwama bila dalili yoyote, na chupa iliyojaa inaweza kuwa haitoi hata tone. Iguse kwa kidole kila jioni.

Kwenye vitambaa ndiko ajali nyingi hutokea. Tumia flisi, kile kitambaa laini cha manyoya ya kiwandani, iwe nene na isiyochambuka, mishono yake ikiwa ndani na imebanwa kwa hatua fupi fupi. Taulo lenye vitanzi usiliweke hata kwa dharura, kwa sababu ukucha unanasa, mnyama anavuta, na uzi unajifunga kidoleni hadi damu isipite. Uzi mmoja ulioachia unatosha kumkatisha kidole. Kila kifuko kinapotoka kufuliwa, kigeuze nje ndani, kiinue kwenye mwanga na upitishe vidole kwenye mishono yote. Chenye shaka kitupe badala ya kukishona upya. Seti tatu za vifuko na bembea zinatosha: moja ndani, moja safi, moja inafuliwa.

Gurudumu lisiwe na mhimili unaopita katikati, kwa kuwa mkia na utando vinaweza kujiviringisha humo. Njia yake ya kukimbilia iwe bapa, isiyo na matundu ya kunasa miguu, na kipenyo kisipungue sentimita 27. Matawi ya mtufaa au mkalitusi yasiyopuliziwa dawa ni mazuri. Mwerezi na msonobari yaache, mafuta yake yenye harufu kali huudhi njia ya hewa. Kwa sababu hiyo hiyo maranda ya miti hiyo yasitandikwe kwenye trei. Tawi jipya lisugue kwa brashi na maji ya moto, kisha ulikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja. Baada ya miezi michache litakuwa jeusi kwa mkojo: litupe, usihangaike kulisugua. Trei itandike karatasi tupu isiyo na wino wa rangi na uone kila asubuhi kinyesi kikoje. Ukiona kimelainika ghafla au mkojo una damu, hilo ni la daktari.

Sasa usafi, na hapa ndipo watu wenye bidii wanapojiumiza. Shuga glaida huishi kwa pua. Dume aliyekomaa ana tezi utosini, ile sehemu yenye upara, nyingine kifuani na nyingine karibu na njia ya haja. Anazitumia kuwatia wenzake na vitu vyake harufu ya kundi. Ukiosha kizimba kizima, vifuko vyote na vitu vyote siku moja, kwake ni kama amehamishwa nyumba akiwa usingizini. Usiku huo huo ataanza kupaka na kukojoa upya kila kona, kwa nguvu kuliko mwanzo, na kesho yake kizimba kitanuka zaidi ya kabla hujakigusa. Mwenye kizimba huona harufu, akaosha tena kwa sabuni kali zaidi, na mnyama naye akajibu. Mzunguko huo unakatwa kwa kuosha kwa zamu tu.

Kila asubuhi toa boksi la chakula, osha bakuli, badilisha maji, futa palipodondokewa. Karatasi ya trei ibadilishwe kila siku mbili au tatu. Ukisikia harufu kali ya amonia unapoinamia kizimba, umechelewa, na mnyama ameivuta kabla yako. Wiki moja fua kifuko kimoja na nusu ya bembea, huku kifuko cha pili kikibaki na harufu yao. Wiki hiyo waya usiziguse zaidi ya kufuta. Wiki inayofuata futa na sugua waya, osha gurudumu, lakini vitambaa vibaki. Kuosha kwa kina, kutoa kila kitu nje, kunatosha mara moja kwa mwezi, na hata siku hiyo kifuko walichomo usikifue.

Siku ya kuosha kwa kina chagua mchana, wakiwa wamelala. Ondoa kifuko pamoja nao ndani, kiingize kwenye begi lenye wavu wa hewa na zipu, uwapeleke chumba kingine chenye mlango uliofungwa. Kwanza kwangua kikavu, kwa sababu kinyesi kilichoanza kuloa hupakaa kila mahali. Osha kwa maji ya moto na matone machache ya sabuni ya vyombo. Utaona gamba jeupe kwenye viungo vya waya na kwenye rafu: hayo ni madini ya mkojo, na sabuni haiyawezi. Nyunyizia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, subiri dakika 10, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Usisahau upande wa nyuma wa gurudumu na mahali linapofungwa. Harufu inayorudi baada ya siku mbili mara nyingi imejificha pale. Suuza hadi siki isisikike, kausha kabisa kwa jua au feni. Unyevu kwenye viungo ndio mwanzo wa kutu.

Klorini ya kufulia haihitajiki kwa usafi wa kawaida. Itumie baada ya ugonjwa: sehemu 1 kwa maji 30 hivi, juu ya kizimba ambacho tayari kimeoshwa, maana uchafu huidhoofisha, iache dakika 10, suuza sana na ukaushe hadi harufu yake iishe. Usiichanganye na siki wala kuimwaga juu ya mkojo. Gesi zinazotoka ni hatari kwako na kwao.

Vitambaa vifue kwa sabuni isiyo na manukato, bila dawa ya kulainisha nguo, ambayo hufunika nyuzi na kuzuia mkojo kutoka. Nusu kikombe cha siki katika maji ya kusuuzia kinatosha. Marashi ya chumba na mishumaa yenye harufu viwekwe mbali kabisa.

Kuna nyakati mbili ratiba hii hugeuka. Jike likiwa na watoto walioanza kutoka kwenye mfuko wa tumboni mwake, takriban siku 70 baada ya kuzaliwa, kifuko chao usikiguse kwa wiki za mwanzo isipokuwa kimelowa. Badilisha trei na chakula tu, kwa sababu wazazi wakisumbuliwa wanaweza kuwatupa watoto au hata kuwaua. Kinyume chake ni pale unapounganisha shuga glaida wasiojuana. Hapo osha kila kitu siku moja, badilisha mahali pa gurudumu na matawi, ili kizimba kisiwe cha mwenyeji wala cha mgeni.

Ukimaliza kurudisha vitu, vuta gurudumu uone halichezi, gusa vigololo vya chupa zote mbili, rudishia klipu za milango. Kisha rudisha kifuko kona yake ile ile ya juu, fungua kidogo, na uwahesabu kabla hujafunga mlango wa mwisho.