Kimbunga kinakuja, mdogo wangu hataki kuhama

SWALI: Mdogo wangu yuko Tacloban, Ufilipino, wameambiwa wahame pwani, yeye anasema chumba chake cha zege kiko poa. Nimwambieje?

JIBU: Ndugu yangu, mwambie ahame leo leo asingoje upepo uanze. Novemba 2013 kimbunga Haiyan kiliua zaidi ya watu 6,000 nchini humo, na hapo Tacloban wengi walimalizwa na maji ya bahari, yalipanda kama mita 5 yakaingia mpaka kwenye majengo ya zege walikokimbilia watu. Kwa hiyo aulize serikali ya mtaa sehemu ya kukimbilia iko wapi na iko juu kiasi gani, achaji simu na pawabenki, pasipoti na dawa avifunge vizuri kwenye nailoni, abebe maji ya kunywa. Mpigie sasa hivi, mtandao ukikatika hutampata.