Kabla hamjamchagua mweka hazina wa safari ya Paris, someni yaliyotukuta

Mkuu, nimesoma swali lako lote. Mko sita, mnakwenda Paris siku tano mwezi wa nane, unaulizia vivutio, hoteli, chakula cha halali na nguo za kubeba. Sawa. Ila chini kabisa umedokeza, kama jambo dogo tu, kwamba mmekubaliana mmoja wenu ashike hela na tiketi za wote ili kupunguza usumbufu. Hapo nikaweka kikombe cha chai mezani. Acheni. Acheni leo hii, kabla hamjaanza kumtumia michango.

Sisi tulikuwa watano, Mei 2025. Na sisi tulikuwa na mtu wa namna hiyo, tumwite Mhasibu, maana tangu shule ndiye aliyekuwa akigawa maandazi bila ugomvi. Mwaminifu kabisa, hata leo sina shaka naye. Tatizo halikuwa uaminifu wake, tatizo lilikuwa mfuko wake.

Wazo hilo hatukulizua wenyewe. Kuna bwana mmoja ana kundi la WhatsApp la kufundisha watu "safari za Ulaya kwa bei nafuu". Tulimlipa elfu hamsini kila kichwa. Katika yale masauti yake marefu ya usiku alikuwa akisisitiza: kundi moja, mfuko mmoja, simu moja. Eti kadi za benki ziacheni nyumbani, makato yatawamaliza, badilisheni euro taslimu mkabidhi kiongozi. Baadaye nikaja kuiangalia vizuri ile picha yake mbele ya Mnara wa Eiffel. Kivuli chake kinalala kulia, vivuli vya watu wote nyuma yake vinalala kushoto. Yaani tulimlipa laki mbili na nusu mtu ambaye hata jua la Paris halimfahamu.

Dalili tuliiona siku ya kwanza, pale kituo cha treni cha Gare du Nord. Mhasibu alinunua kadi moja ya usafiri, Navigo Easy, akaijaza tiketi za wote. Akagusa, geti likafunguka, akapita, akanirudishia kadi kwa juu. Nagusa mimi: mlio, taa nyekundu. Nagusa tena: nyekundu. Nyuma yangu foleni ya watu wanaowahi kazini, wanasema maneno ambayo sihitaji kutafsiriwa. Kumbe ile kadi ni ya mtu mmoja kwa safari moja, haipitishwi mkono kwa mkono kama kata ya kunywea maji. Kadi yenyewe euro 2 tu! Tukanunua nyingine nne tukacheka. Tungekuwa na akili, tungeacha mfuko mmoja hapohapo.

Siku ya pili tulitoka makumbusho ya Louvre tukiwa na tiketi za kupanda Eiffel saa kumi na mbili na nusu jioni, mpaka kileleni, zaidi ya euro 35 kila mmoja. Tulipanda metro, treni ya mjini, laini ya 1 mpaka Charles de Gaulle–Étoile, tukaunganisha laini ya 6. Hii laini ina sifa yake: ikitoka kituo cha Passy inavuka mto Seine kwa juu, na mnara unaonekana wote upande wa kushoto. Kila mgeni anaijua, kwa hiyo wakifika Passy wote wanatoa simu kujiandaa kupiga video. Na wezi nao wanajua kwamba wageni wanajua.

Mhasibu alisimama mlangoni kabisa, simu juu, kibegi kiunoni. Vijana watatu waliingia kituo kimoja nyuma wakambana kidogo, kama daladala ya Mbagala jioni, wala hakushtuka, amezoea. Passy milango ikafunguka. Honi ya kufunga ikalia. Ndani ya ile honi, nasema ndani yake, mkono ukapita mbele ya uso wangu, simu ikaondoka, wote watatu wakaruka nje, milango ikafunga. Nilimwona mmoja kwenye jukwaa anatembea taratibu kabisa, hata hakimbii. Mhasibu akashika kiuno. Zipu ya kibegi wazi, mdomo wake umelegea kama soksi kuukuu.

Treni ikaingia darajani. Mnara ukajitokeza kushoto na jua la jioni, mzuri kupindukia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeutazama.

Euro 1,400 taslimu, mkuu. Kwa wakati ule zaidi ya milioni nne za kwetu. Lakini hela haikuwa ndiyo iliyoniuma zaidi. Tiketi zote tano zilikuwa kwenye ile simu. "Fungua barua pepe kwenye simu yangu," nikamwambia. Akaweka neno la siri, akaunti ikasema imetuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Imetuma wapi? Kwenye laini ileile iliyoko mfukoni mwa kijana wa Passy. Tukajaribu mara sita, kama vile namba itaona aibu ije kwetu. Bila ile alama ya mraba ya kuskani hupandi, na walinzi wana haki. Tukakaa kwenye majani ya bustani ya Champ de Mars mpaka saa nne usiku taa za mnara zilipoanza kumetameta, dakika tano, zikazima. Huo ndio Eiffel wetu.

Bima? Ile ya kuombea viza inatakiwa ifikie angalau euro 30,000, na nilidhani kwa kiasi hicho tumeokoka. Ni ya hospitali na kurudishwa nyumbani ukiugua. Taslimu uliyoibiwa kwenye treni si ugonjwa, ingawa mimi nilihisi homa.

Tuliokolewa na mwenzetu mmoja ambaye tulimsema safari nzima kuwa ni mchoyo na hatuamini. Alikataa kutoa pasi yake ya kusafiria, akabeba kadi yake ya benki kwa siri na euro 200 ndani ya soksi. Siku tatu zilizobaki tulikula kwa soksi hiyo.

Kwa hiyo: kila mtu abebe chake. Tiketi yako kwenye simu yako, na nyingine umeichapa kwenye karatasi. Kadi yako ya metro. Kadi yako ya benki, hata ikikatwa makato, makato ni nini mbele ya 1,400? Kama lazima mchangie chakula, changeni cha siku hiyo tu, kila asubuhi, mezani. Kwenye metro asisimame mtu mlangoni na simu mkononi, na Passy furahieni kwa macho.

Vivutio: Louvre hufungwa Jumanne, makumbusho ya Orsay na kasri la Versailles Jumatatu, msije mkapanga kichwa chini. Kanisa la Notre-Dame limefunguliwa tena tangu Desemba 2024, kuingia ni bure, na ni bure kweli, anayekuuzia tiketi ya kuingia ni ndugu yake yule wa WhatsApp. Ngazi za kupandia kanisa la Sacré-Cœur, mtu akitaka kukufunga uzi mkononi, mikono mfukoni, tembea.

Uliuliza kitu kingine, nadhani nguo? Zenye mifuko ya ndani yenye zipu.

Na Mhasibu, najua huwa unapita humu bila kuchangia. Ile euro 280 yangu nimesamehe. Mke wangu bado.